Kurudi Kwenye Kasri la Dracula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Symphony of the Night

Tangu gemu hii ipatikane kwenye simu, maswali hayakatiki. Mengine yanatoka kwa watu waliowahi kuionja kwenye mabanda ya gemu ya Michenzani, Darajani au Chake Chake, huku Zanzibar, ambao sasa wana watoto na kazi. Mengine ni ya vijana ambao PlayStation ya kwanza hawajawahi kuishika. Nimeyakusanya pamoja na kuyajibu kwa urefu pale panapostahili. Jibu linalofichua siri ya hadithi, nimetangulia kusema.

Gemu yenyewe ni ipi hasa?

Ni Castlevania: Symphony of the Night, ya kampuni ya Konami. Ilitoka Japani Machi 1997 kwa ajili ya PlayStation, kisha Marekani Oktoba na Ulaya Novemba mwaka huohuo. Aliyeiongoza ni Toru Hagihara, na msaidizi wake Koji Igarashi ndiye jina lililokuja kushikamana zaidi na aina hii ya gemu. Michoro ya wahusika ni ya Ayami Kojima, muziki ni wa Michiru Yamane.

Unacheza Alucard, mtoto wa Dracula, yule mnyonya damu wa ngano za Ulaya, na mama binadamu. Mwaka ni 1797. Mwindaji Richter Belmont, aliyemshinda Dracula miaka mitano kabla, ametoweka, na kasri la Dracula limeibuka tena. Alucard anaamka usingizini, anavuka daraja mbio na kuingia ndani. Kutoka hapo uko peke yako: hakuna hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna nyumba moja kubwa na wewe uliyemo.

Mimi niliimaliza zamani. Nirudie ya nini?

Hapa nafichua siri kubwa, kwa hiyo kama hujawahi kucheza ruka swali hili.

Hebu kumbuka: mwishoni ulipigana na nani? Kama ni Richter, yule mwenye mjeledi, aliyekaa kwenye kiti cha enzi juu kabisa ya kasri, basi ulifika nusu ya njia. Ukimuua Richter gemu inakupa mwisho kamili, majina ya watengenezaji yanapita, na unarudishwa mwanzo. Hakuna anayekwambia kwamba umemuua mtu asiye na kosa. Ndiyo maana mitaani ilishaenea kwamba gemu ni fupi.

Tena mabanda yenyewe hayakuwa rafiki wa gemu ya namna hii. Unalipia nusu saa, nyuma yako wamejipanga wanaosubiri mpira, na memori kadi moja yenye nafasi 15 inatumiwa na mtaa mzima. Ligi mpya ikianza lazima kitu kifutwe, na kinachofutwa ni faili la yule anayetembeatembea peke yake kwenye majumba. Gemu za mpira na za kupigana wawili wawili zilikuwa na haki ya kutawala pale. Zinaisha upesi na zinachangamsha watu. Hii inataka mtu atulie kwa jumla ya muda wa saa 8 hadi 12, na arudi kesho aendelee alipoachia.

Njia ya kweli ni hii. Unahitaji pete mbili, ya dhahabu na ya fedha. Ukizivaa zote mbili ndani ya chumba cha saa kubwa, katikati ya Marble Gallery, sakafu inafunguka. Chini unakutana na Maria Renard, msichana anayemtafuta Richter, naye anakupa miwani inayoitwa Holy Glasses. Ivae unapopigana na Richter, utaona mpira wa kijani unaoelea karibu naye. Huo ndio unaomtawala. Pigo lako liende kwenye mpira, usimguse yeye.

Ukifanya hivyo, juu ya kasri linashuka kasri jingine, lilelile, limegeuzwa juu chini. Dari imekuwa sakafu. Ngazi ulizopanda sasa zinaning'inia. Kanisa ulilopita ukilitazama madirisha yake, sasa unakanyaga matao yake. Maadui ni wengine, mabosi, yaani maadui wakubwa, ni wengine, na ramani inayokwambia asilimia uliyotembea inakwenda mpaka 200.6. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kabisa mbele ya skrini walipoliona kasri hilo mara ya kwanza, baada ya kuamini kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba gemu wanaijua. Kama huna sababu nyingine ya kurudi, hiyo inatosha.

Nichukue toleo gani?

Mwenye simu ya Android au iPhone ana njia nyepesi: toleo la simu lilitoka Machi 2020, ni la kulipia na bei yake ni ndogo. Mwenye PS4 atafute Castlevania Requiem ya 2018, ambayo ndani yake ina gemu mbili: hii, na Rondo of Blood iliyotangulia kihadithi. Kwa Xbox ilitoka tangu 2007 kwenye Xbox 360. Kwa PSP, mwaka huohuo wa 2007, imo ndani ya The Dracula X Chronicles, lakini imefichwa: lazima uitafute ndani ya ile gemu nyingine kwanza ndipo ifunguke.

Toleo la Sega Saturn la 1998 halikutoka nje ya Japani. Lina maeneo ya ziada, lakini si la kuhangaikia.

Jueni pia kwamba matoleo ya PSP na PS4 yamerekodiwa sauti upya kwa Kiingereza. Ukihisi Alucard si yule uliyemzoea, sikio lako halikosei. Mimi nazipenda sauti za 1997. Zimetiwa chumvi kama za jukwaani, na mazungumzo ya mwanzo kati ya Richter na Dracula yakisemwa kwa sauti ya kawaida yanapungua ladha.

Kwenye simu inachezeka kweli, au ni kuumiza vidole?

Inachezeka. Kutembea, kuruka na kupiga upanga ni sawa tu kwa kidole. Panapouma ni kwenye spelo, yaani nguvu za kichawi. Spelo za Alucard hutolewa kwa kuzungusha vitufe kama kwenye gemu za kupigana: mfuatano wa mielekeo, kisha pigo. Aliyekulia kwenye Street Fighter atazitoa kwenye pedi bila kufikiri. Kwenye kioo kidole kinateleza. Ukiweza, tafuta pedi ya bluetooth, hata ya bei rahisi. Ukikosa, usikate tamaa, gemu inamalizika bila spelo hata moja.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Gemu hii inasevu kwenye vyumba maalumu tu. Ukiwa umetoka mbali na chumba cha kusevu na umeme ukaondoka, unarudi pale pa mwisho uliposevu, na ulichookota katikati kimekwenda. Waliokuwa Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara, hawahitaji kuelezwa maana yake.

Ushauri wangu: kila ukiona chumba cha kusevu, ingia, hata kama umetoka kusevu sasa hivi. Kinakujaza uhai pia, kwa hiyo hupotezi kitu. Wenye simu wana afueni ya betri, lakini tabia hiyo ibaki nayo.

Nimecheza dakika kumi tu, nimenyang'anywa silaha zote. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Yule ni Mauti, mtumishi wa Dracula. Anamwomba Alucard aache vita dhidi ya baba yake, Alucard anakataa, basi anamvua upanga, ngao, deraya, kila kitu. Watu wengi huizima hapo wakidhani wameharibu. Endelea. Vitu vyenyewe utakuja kuviona tena mbele ya safari, na wakati huo utajua thamani yake.

Nimezunguka sana, sijui pa kwenda. Nisaidie.

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ningependa nilijibu kwa uangalifu, kwa sababu jibu la haraka linaua gemu.

Kwanza fungua ramani. Usitazame ulipokwenda, tazama kingo. Chumba ambacho ukuta wake una mwanya na upande wa pili hakuna kitu, kina mlango hujaufungua au kimo hujakifikia. Karibu kila kikwazo ndani ya kasri hili kina ufunguo wake, na ufunguo huo mara nyingi ni mwili wa Alucard mwenyewe. Anajifunza kuruka mara mbili hewani. Anageuka mbwamwitu, anageuka ukungu, anageuka popo. Ukungu unapita kwenye vyuma vya dirisha. Popo anafika darini. Kwa hiyo ukiona vyuma mapema kabisa na huwezi kupita, usikae hapo kupiga upanga. Kumbuka mahali, nenda kwingine.

Milango ya buluu ndiyo inayowakwamisha wengi zaidi. Haifunguki kwa nguvu wala kwa levo, yaani kiwango alichofikia mhusika. Nenda Long Library, maktaba, kuna mzee amekaa kitini anauza vitu. Nunua kito kiitwacho Jewel of Open kwa dhahabu 500. Ukikosa fedha, rudi vunja mishumaa.

Popo nae imo humohumo maktaba, lakini nyuma ya vyuma, kwa hiyo lazima upate ukungu kwanza, na ukungu uko uwanja wa mapambano, Colosseum, baada ya mabosi wawili wanaokuja pamoja. Maji yanamuunguza Alucard mpaka apate alama takatifu ya kumlinda. Na lile pango lenye giza na miiba, kule makaburini, litakuua kila ukiingia mpaka popo wako ajifunze kutoa sauti inayomulika gizani. Mwisho wa giza hilo kuna deraya inayovunja miiba, na deraya hiyo ndiyo inayokufikisha kwenye pete ya fedha.

Nimeshasema mengi. Nakuomba jambo moja: usiweke ramani kamili ya kutoka intaneti pembeni yako mara ya kwanza. Utamu wote wa kazi hii ni kwamba nyumba inayokutisha mwanzoni unaizoea pole pole, hadi unajua kona ipi inaelekea wapi kwa miguu tu. Ukifuata mshale wa mtu mwingine utafika mwisho, lakini kasri hulijui.

Ni ngumu?

Mwanzo ni ngumu, katikati ni ya wastani, mwisho ni rahisi kupita kiasi. Alucard anapanda levo kadiri anavyoua, na silaha za baadaye ni kali mno. Upanga uitwao Crissaegrim, unaodondoshwa na adui mmoja kwenye maktaba ya kasri la pili, unakata kabla adui hajageuka. Watu hukaa chumba kimoja wakiua adui huyo tena na tena mpaka uanguke. Mimi nasema usiukimbilie. Mabosi wa kasri la pili wametengenezwa kwa mkono wa ustadi, na ukiwa na upanga huo hutawaona. Watakufa kabla hujajua wanafanya nini. Isipokuwa Galamoth, ambaye hata wenye silaha nzuri anawasumbua.

Mtoto wangu anataka kuicheza. Ni gemu ya mashetani?

Mzazi mwenzangu, nitakwambia kilichomo, uamuzi ni wako. Maadui ni mifupa inayotembea, maiti, mapepo, majini ya baharini, wachawi. Damu ipo. Yumo shetani wa kike aliyevaa nguo chache. Kuna kanisa ndani ya kasri, na kuna silaha kama msalaba na maji matakatifu, kwa sababu hadithi imetoka kwenye imani na ngano za Ulaya. Marekani ilipewa daraja la miaka 13 na kuendelea, nami naona wametenda haki.

Kisichokuwemo ni mafunzo ya uchawi au kuabudu chochote. Upande wa mchezaji ndio unaopiga vita uovu huo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mtoto anayelala kwa hofu, hasa visiwani kwetu ambako habari za Popobawa, lile zimwi la usiku, za 1995 bado wazee wanazihadithia usiku, msubirishe kidogo. Kwa mkubwa kidogo, kaa naye ucheze naye. Na masuala ya hukumu ya dini muulize shehe unayemwamini, usinitegemee mimi.

Kuna nini humo cha kumgusa mtu mzima?

Hapa tena nafichua. Kuna chumba kimoja cha kusevu ambacho si cha kusevu. Unaingia kama kawaida, Alucard anasinzia, na anajikuta mbele ya mama yake, Lisa, amefungwa tayari kuuawa, watu wamemzunguka. Lisa alikuwa akitengeneza dawa na kutibu wagonjwa, wakamwita mchawi. Mbele ya mwanawe anasema walipize kisasi, binadamu wote wastahili kufa.

Alucard anakataa. Si kwa hasira, ni kwa sababu anayakumbuka maneno ya kweli aliyoyasema mama yake siku ile, na hayakuwa hayo. Mama hakusema hivyo. Basi huyu si mama. Kumbe ni shetani aliyevaa sura yake.

Tukio lenyewe ni fupi sana. Lakini maneno ya kweli ya Lisa hatuambiwi hapo. Tunayasikia mwisho kabisa, Dracula anapokufa na kumuuliza mwanawe mke wake alisema nini. Alisema wasiwachukie binadamu. Wasipoweza kuishi nao, basi angalau wasiwadhuru. Baba alijenga kasri zima la chuki kwa ajili ya mke aliyemwachia wasia wa kinyume chake. Ukiwa na miaka 12 unaharakisha mazungumzo ufike kwenye pambano. Ukiwa umezika mzazi, hapo unaweka pedi chini.

Kwa nini kasri hili linakukumbusha Pujini?

Kwa sababu ndiko nilikojifunza kuogopa kasri kabla ya kuona gemu yoyote. Magofu ya Pujini, mashariki ya Pemba, ni ngome ya karne ya 15 ya mtawala aliyebaki midomoni kwa jina la Mkama Ndume. Wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe ya ujenzi wakienda kwa kujiburura kwa makalio. Husimulia pia kwamba alikuwa na wake wawili waliooneana wivu, na kisima kikatiwa ukuta katikati: mmoja akivuta maji kwa juu, mwingine akishuka kwa ngazi ya chini kwa chini, wasionane. Boma la udongo bado linaonekana, na chini ya ardhi kuna chumba.

Ukisoma kasri la Dracula kwa jicho hilo, unaelewa kwa nini limejengwa lilivyojengwa. Nyumba ya dhalimu huwa na njia mbili kwenda mahali pamoja, na kila njia ina mtu wake. Symphony of the Night inakutaka ufikirie hivyohivyo: nani alitembea humu, na kwa nini ukuta huu uko hapa? Watu wa Chake wanaocheza gemu hii, nendeni Pujini mchana mmoja, si mbali.

Muziki unasifiwa sana. Si makelele tu ya roki?

Roki ipo, na mlango wa kasri unafunguliwa nayo. Lakini Yamane amechanganya mambo mengi: kwaya kanisani, jazi, piano ya taratibu. Ukiingia maktaba, sikiliza. Ni kinanda cha kale cha Ulaya kinachodonoa nyuzi badala ya kuzigonga, na aliyezoea ganuni ya taarab ataisikia ile sauti kavu, ya haraka, inayopambana na ukimya. Vaa spika za masikioni. Spika ya simu inaumaliza utamu wote.

Picha zake si zimepitwa na wakati?

Hapana. Mwaka 1997 kila kampuni ilikimbilia 3D, na nyingi za wakati ule leo hazitazamiki. Hii ilibaki na 2D iliyochorwa kwa mkono. Tazama joho la Alucard akigeuka, kivuli chake kinavyomfuata. Bado zuri.

Kuna vitu gani vya siri vidogo vidogo?

Vingi, na vingine havikusaidii kitu, vimewekwa kwa kupenda tu. Kwenye kanisa kuna chumba cha kuungamia. Kaa kitini usubiri. Mzuka wa padri anatokea upande wa pili. Mara anakubariki na kukuachia maji ya zabibu, mara pazia linafungwa na vyuma vikali vinakuchoma. Hujui utampata yupi. Ukutani nje kuna darubini. Ukichungulia utamwona mpiga makasia kwenye mashua yake chini. Mzee wa maktaba naye, ukimpiga kiti kwa chini kutoka chumba cha chini yake, anaruka na kudondosha zawadi.

Ukishamaliza, anza upya na andika jina RICHTER. Utacheza na mjeledi, bila levo, bila mavazi ya kubadilisha, na gemu iliyokuwa rahisi itakufundisha adabu.

Kiingereza changu ni cha skuli. Nitaelewa?

Utaelewa. Mazungumzo ni machache na mafupi. Majina ya silaha yana picha zake na namba zinazoonyesha nguvu. Ukiona namba imepanda, vaa. Hadithi muhimu nimeshaieleza hapa juu.

Nikimaliza, nicheze nini?

Igarashi alitoka Konami akachangisha fedha kwa mashabiki mwaka 2015, zikapatikana zaidi ya dola milioni 5.5, na 2019 akatoa Bloodstained: Ritual of the Night. Ni mtoto halali wa gemu hii. Za Konami zenyewe, zile za Game Boy Advance zimekusanywa pamoja tangu 2021, na za Nintendo DS tangu 2024. Kama unachagua moja tu, chukua Aria of Sorrow ya 2003, imo kwenye mkusanyo wa 2021. Fupi, imekazwa vizuri, na mwishoni ina mgeuko wa hadithi ambao sitausema.